UZI: FL, Cubase, Reaper au nini? Tangu kwaya ya watu 28 iingie kwenye chumba changu cha biti

FUNDI FEDA (Mbeya)

Wakuu, salaam.

Kila wiki swali ni lilelile: "Mkuu, nataka kuanza kutengeneza muziki, nitumie programu gani?" Na majibu ni yaleyale. Anakuja wa FL anasema FL. Anakuja wa Cubase anasema FL ni ya watoto. Anakuja wa Logic anauliza kama una Mac. Uzi unaishia kwenye matusi, na kijana wa watu ameshaondoka bila jibu. Leo nina muda. Mvua ya Mbeya mnaijua, na paa langu ni la bati, kwa hiyo mpaka ikate hakuna kurekodi. Ni ndefu, wavivu wa kusoma mkae pembeni.

Nina studio ya chumba kimoja huku Sae. Mimi naita studio, mwenye nyumba bado anaita stoo. Magodoro mawili ukutani, maiki moja ya kondensa, kadi ya sauti yenye matundu mawili ya maiki, laptopu ya ramu GB 8. Nilianza kupiga biti mwaka 2015 kwa FL Studio 12, niliyowekewa kwenye flashi dukani kwa elfu tano. Ndiyo, ilikuwa ya kreki, yaani iliyovunjwa kufuli bila kulipiwa. Hilo nitalirudia, msinirukie sasa hivi.

Miaka mitatu sikuona sababu ya kujua kitu kingine. Vijana wanakuja, nawapigia biti, wanaingiza beti mbili na kiitikio, wanalipa, wanasepa. Halafu Jumamosi moja ya mwaka 2018 ikaja kwaya kutoka upande wa Tukuyu. Watu 28, Hiace mbili, masufuria ya chakula, na mwalimu wao mwenye daftari la nota za d-r-m zilizoandikwa kwa peni ya bluu. Nyimbo nane. Wanataka albamu.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa sita kwa nane, ule mwendo wa kuyumba ambao kwaya zetu wanaupenda. Nikafungua FL, vile vitufe 16 vya kupanga ngoma vikanitazama. Waliowahi kuvitumia wanaelewa: 16 ni nne mara nne. Mwendo wa sita unataka 12. Kwenye toleo nililokuwa nalo ilibidi uidanganye programu, uchezee hesabu za gridi mpaka ikubali. FL 20, iliyotoka mwaka huohuo, ndiyo iliyoleta kupanga mapigo ya namna hiyo moja kwa moja, lakini mimi nilikuwa na ya elfu tano. Nikahangaika nusu saa huku watu 28 wamesimama uani wananitazama kupitia mlango.

Hilo likapita. Balaa lilikuwa kwenye sauti. Hedifoni nilikuwa nazo mbili, kwa hiyo tukakubaliana waingie kwa mafungu: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila fungu liimbe mara tatu, baadaye nichague lililo bora. Pigeni hesabu: mafungu manne mara tatu ni 12, mara nyimbo nane ni rekodi 96. Rekodi ya traki moja, yaani njia moja ya sauti, kwa ubora wa bit 24 na 44.1 kHz, inakula kama MB 8 kwa dakika. Nyimbo zao ni za dakika tano. Karibu GB 4 za sauti, na mimi nilikuwa naziacha zote zijipe majina zenyewe.

Siku ya tatu niliikuta besi ya wimbo wa tatu ndani ya wimbo wa tano. Nikaipiga kwa spika bila kujua, mbele ya mwalimu. Yule mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, kofia magotini. Akasikiliza hadi mwisho, akaniambia: "Mwanangu, hii mashine yako inajua kuimba, ila haijui kusikiliza."

Nimelala na sentensi hiyo miaka yote hii. Jibu langu kwa kila anayeuliza programu gani linaanzia hapo. Programu hizi za kutengenezea muziki Wazungu wanaziita DAW, sisi tunasoma "dau", na kweli ukishaweka hela yako ni dau. Ila kabla ya kuliweka, jiulize kazi inayoingia mlangoni kwako inataka mashine inayoimba au inayosikiliza.

Tazama zilikotoka. FL ilizaliwa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 ikiitwa FruityLoops, kidude cha kupanga ngoma na kuzizungusha. Mambo ya kurekodi watu yalikuja baadaye, kama chumba cha nyuma kinachoongezwa kwenye nyumba. Pro Tools ilikuja 1991 kwa ajili ya studio zilizokuwa zinarekodi kwenye mikanda, na mpaka leo ukiifungua inafikiri kama mkanda. Ableton Live ya Berlin, 2001, ilitengenezwa na watu waliotaka kupanda nayo jukwaani. Ndiyo maana ina ule ukurasa wa visanduku unavyoweza kuvirusha papo hapo, na ndiyo maana madj wanaipenda. Cubase ya Steinberg, Ujerumani, ilianza 1989 kwenye kompyuta za Atari, kazi yake ikiwa kuongoza vinanda, halafu ikajifunza kurekodi mapema kuliko wengi. Hizo plagini za VST mnazopakua kila siku, vile vidude vya ziada vya ala na vya kunogeshea sauti, VST yenyewe ni yao, ya 1996.

Mwenye Reaper ni Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp, programu ya kupigia muziki kwenye kompyuta. Wazee wa intaneti kafe mnaikumbuka Winamp. Reaper ina tabia ileile: ndogo, haina urembo, haichoki. Ndiyo niliyohamia kwa kazi za kwaya. Biti bado napiga kwa FL.

Naendelea chini, umeme unachezacheza.

MZEE WA MAFIAT

Kiti cha mbele.

Ila mkuu, Cubase umeipitia kama basi la moja kwa moja Dar. Mimi nimekulia kwenye studio ya Cubase tangu enzi za toleo lake la SX. Kwaya yote unaimaliza humo. Tangu Cubase 5 kuna VariAudio: unafungua sauti ya mwimbaji, unaona kila noti imelala wapi, aliyeshuka unamnyanyua kwa kipanya. Huko ndiko ukubwani. FL ni ya kutengenezea milio ya simu.

FUNDI FEDA

Mzee, nilijua utakuja. VariAudio sibishi, ni nzuri kweli, na Cubase ina traki ya kodi (chord, noti zinazopigwa pamoja) inayomsaidia mtu asiyejua kinanda vizuri. Shida yangu na Cubase ilikuwa mbili. Moja ni uzito. Kwenye laptopu ya ramu GB 4 niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa inafunguka kwa hasira. Mbili ni kile kidude cha USB cha leseni. Kuna studio moja nilifanyia kazi, kidude kilipotea, na kazi za wateja zikalala wiki mbili ndani ya kompyuta zinaonekana kwa macho lakini hazifunguki. Najua siku hizi mambo yamebadilika, tangu Cubase 12 ya mwaka 2022 leseni ni ya akaunti tu. Wanaoanza leo hawatayajua mateso hayo.

Hilo la milio ya simu naliacha lipite.

BINTI KIHESA (Iringa)

Kamwene wakuu.

Mzee wa Mafiat, Metro Boomin, mtayarishaji wa hip hop wa Marekani, anatumia FL. DJ Avicii alitumia FL. Nenda kawaambie wametengeneza milio ya simu.

Kaka Feda, hadithi yako tamu lakini umeionea FL. Mimi narekodi kwaya hapa Iringa kwa FL, mwaka wa nne huu, na besi haijawahi kunihamia wimbo. Kila sauti naipa njia yake kwenye miksa, naiandika jina na kuipa rangi kabla sijabonyeza kurekodi. Kila wimbo una folda lake. Kila baada ya nusu saa nahifadhi toleo jipya kwa Ctrl na N, linajipa namba lenyewe. Wewe ulishindwa na utunzaji, ukamlaumu fundi wa Ubelgiji.

Halafu piano roli ya FL, ule ukurasa wa kuchorea noti, nani ameipita? Nikiwa nazipanga sauti nne za kinanda naona noti za ala nyingine kwa kivuli nyuma yake, najua wapi zinagongana. Na leseni ukinunua mara moja, matoleo yote yanayokuja unapewa bure. Huko kwingine kila baada ya miaka unatoa tena hela.

FUNDI FEDA

Dada, nusu nakubali. Majina ningeyaandika, aibu ile nisingeipata. Na ni kweli kwamba kwa matoleo ya bure ya maisha yote FL hawana mpinzani. Anayetaka kununua asome tu vizuri toleo analochukua, maana lile la chini kabisa kwa miaka mingi halikuwa na kurekodi sauti, na watu walilia.

Nusu ya pili sikubali, na nitaieleza kwa jogoo.

Jirani yangu ana jogoo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na kwaya ya hapahapa Ilomba, sauti ya pili, akina mama saba. Mara ya kwanza wameimba vizuri isipokuwa mwanzo, walichelewa kuingia. Mara ya pili wameimba kama malaika, ila ubeti wa pili, kwenye neno "neema", jogoo akaingia. Kwa sauti kubwa, na kwa ufunguo uleule, mshenzi. Mara ya tatu wamechoka lakini "neema" ni safi.

Kwenye Reaper zile mara tatu zimekaa mahali palepale, zimepangana juu ya mwenzake kama chapati kwenye sinia. Nakata kabla ya "neema", nakata baada yake, kile kipande cha katikati nabonyeza kugeuza kuwa cha mara ya tatu. Napitisha kidole kidogo kwenye kona ili kiingie taratibu. Sekunde 20. Wale mama wamesimama hapo wanaangalia, mmoja akauliza jogoo ameenda wapi.

Kwenye FL hilo linawezekana, najua, nimelifanya. Lakini ni la kufanya ukiwa umekaa peke yako usiku, si mbele ya watu saba wanaosubiri daladala ya mwisho. Ndicho yule mzee alichokiita kusikiliza.

Na tukirudi kwenye biti, mimi na wewe hatuna ugomvi. Reaper ukiifungua siku ya kwanza utadhani umefungua kitabu cha mahesabu. Hakuna ngoma, hakuna kinanda cha maana. Inakuja zaidi na vifaa vya kuchanganyia, kama ReaEQ na ReaComp, ambavyo ni imara kuliko sura zao. Ala unatafuta mwenyewe: Surge XT ni ya bure kabisa, Vital ina toleo la bure, LABS ya Spitfire ina piano na nyuzi laini zinazofaa sana nyimbo za maombi. Kijana anayetaka biti usiku huu nikimpa Reaper nimemtesa bure.

MTOTO WA CHUNYA

Shikamooni wakubwa. Mimi nipo Chunya, nina miaka 19. Laptopu ninayo, ramu GB 4, ya zamani kidogo. Hela ya leseni sina kwa kweli. Kuna jamaa anasema aniwekee FL kwa elfu kumi, nilipe? Naimba na ninapiga gita. Biti sijui.

MZEE WA MAFIAT

Elfu kumi siku hizi! Maisha yamepanda.

FUNDI FEDA

Marahaba mdogo wangu. Usilipe hiyo elfu kumi. Nilisema nitalirudia hili la kreki, narudi sasa.

Sikuhubirii dhambi. Mwenyewe nilianzia huko. Nakueleza yaliyonikuta. Huyo jamaa kabla ya kukuwekea atazima kinga ya virusi ya kompyuta yako, maana bila kuizima kreki haiingii. Umeshajiuliza kwa nini haiingii? Mimi sikujiuliza. Mwaka 2017 laptopu ikaanza kuwa nzito, faili zikawa zinajigeuza majina, na siku moja nikawasha nikakuta flashi ya mteja imejaa njia za mkato zisizofunguka. Ilikuwa na nyimbo zake za harusi, ya dada yake.

La pili ndilo lililoniuma zaidi. Nilitengeneza wimbo wa kijana mmoja, mzuri, akapata mtu Dar wa kumfanyia miksi. Nikamtumia projekti nzima. Kule ikafunguka ikiwa bubu. Plagini zangu zote za kuokoteza hazikuwepo kule, na zangu huku zilikuwa zimeshakufa baada ya kupiga Windows upya. Hakuna aliyeweza kuufungua wimbo ule tena. Kilichobaki ni MP3 niliyomtumia kwa WhatsApp.

Tangu siku hiyo kila kazi ikiisha natoa kila traki peke yake kama WAV, zote zikianzia sekunde sifuri hata kama gita linaingia dakika ya pili. Wenyewe wanaziita stemu. Zinafunguka Cubase, zinafunguka Pro Tools, zinafunguka kwenye programu itakayotengenezwa miaka 20 ijayo. Ukibishana na mtu kuhusu programu gani ni bora, muulize kwanza kama anajua kutoa stemu.

Sasa wewe. Unaimba na unapiga gita, biti hujui. Wewe ni mtu wa mashine inayosikiliza. Pakua Reaper kwenye tovuti yao wenyewe. Kwa Windows faili ni kama MB 15, bando la siku linatosha na chenji inabaki. FL inakaribia GB 1, Cubase usiiulize. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa. Zikipita haikufungii mlango, inakukumbusha tu kila ukiifungua kwamba hujalipa, na inakungojesha kidogo. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ukikadiria dola kwa 2,500 ni laki moja na nusu. Studio kubwa inayoingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka ndiyo inalipa 225, sisi huku bado. Ukinunua toleo la 7, leseni inakupeleka mpaka la 8 lote liishe.

Mimi nililipa yangu kwa hela ya kwaya ya Krismasi. Nilikaa naangalia ule ukurasa bila ule ujumbe wa kukumbushwa, nikajisikia kama nimelipa kodi ya nyumba mwaka mzima.

MTOTO WA CHUNYA

Asante sana kaka. Na wanaosema nianze na simu?

BINTI KIHESA

Simu inatosha kuanzia, mdogo wangu. BandLab ni ya bure, ina ngoma, ina traki, unarekodi na hedifoni za simu. Kazi zako zinakaa mtandaoni kwa hiyo inataka bando, hilo ulijue. FL nao wana ya simu, ya kulipia. Mimi biti yangu ya kwanza niliipiga kwenye simu ndani ya basi la Mafinga. Ila ukiwa na laptopu, hata ya GB 4, tumia laptopu.

MWALIMU WA SAUTI NNE

Bwana asifiwe. Mimi ni mwalimu wa kwaya, siyo fundi mitambo. Nimefuatilia mazungumzo haya na nina swali dogo. Nyimbo zangu nimeandika kwa solfa, daftari karibu saba. Je, katika hizi programu mnazozitaja ipo inayoweza kuziandika kwa kompyuta na kuzipiga ili waimbaji wajifunze sauti zao nyumbani?

FUNDI FEDA

Amina, mwalimu. Shikamoo.

Hizi tunazozungumzia hapa siyo zenyewe. Cubase na Logic zina ukurasa wa nota za mistari, lakini kwa kazi yako ni kama kuchinja kuku kwa shoka. Tafuta MuseScore, ni ya bure, kazi yake ni kuandika nota tu. Unaziingiza kwenye mistari mitano, do ukiipa mahali pake, sauti nne kila moja na mstari wake. Kisha inazipiga. Unaweza kunyamazisha tatu ukabakiza besi, ukatoa faili la sauti, ukawatumia besi peke yao kwenye kundi lao. Herufi za solfa unaweza kuziandika chini ya noti kama unavyoandika maneno ya wimbo. Kazi ya daftari saba ni ya miezi, mtafute kijana mmoja wa kwaya mwenye macho mazuri.

Na mwalimu, ombi kutoka kwetu mafundi: mkija studio, mje mmeshazoea kuimba na kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo kwenye hedifoni. Kwaya iliyoanza mwendo wa mapigo 96 kwa dakika huwa inamaliza kwenye 104, Roho akishashuka. Kanisani ni baraka. Studio, ngoma niliyoipanga inabaki nyuma.

MWALIMU WA SAUTI NNE

Hapo umenigusa. Marahaba.

MZEE WA MAFIAT

Mwalimu usikubali. Kliki inaua kwaya. Sisi kwenye Cubase tunarekodi kwaya kwanza ikiwa huru na kinanda kimoja, kisha tunachora mwendo kufuata walivyoimba, pigo kwa pigo. Ngoma zinakuja juu yake.

FUNDI FEDA

Hapa mzee umesema kitu. Reaper nayo inafanya hivyo, na wimbo unapumua. Lakini sema na saa zake: wimbo wa dakika tano mimi unanila jioni nzima kuuchorea mwendo. Kwa bei wanayolipa kwaya ya mtaa, nyimbo nane, nitakufa njaa. Wimbo mmoja wa albamu, ule wa sifa, huwa nawafanyia hivyo. Zilizobaki kliki.

Waliouliza inboksi nawajibu hapa kwa haraka. Logic ni nzuri na bei yake ni dola 199.99 mara moja, lakini kwa upande wa kompyuta ni ya Mac pekee tangu Apple walipowanunua waliokuwa wanaitengeneza mwaka 2002, kwa hiyo hesabu na bei ya Mac. GarageBand inakuja bure na Mac hiyohiyo, anzia hapo. Audacity ni ya kukatia na kusafishia sauti, nayo siiachi kwenye laptopu yangu, ila usijengee albamu. Na nyie mnaonunua kadi za sauti mpya mkatupa boksi: ndani ya boksi nyingi kuna namba ya kupata bure toleo dogo la Ableton Live au Cubase. Boksi la kadi ya Scarlett linakuja na Live Lite. Nimewahi kuokota namba ya mtu kwenye jalala la duka, akanishukuru.

Umeme umerudi, mvua imekata. Kuna watu nje.

MTOTO WA CHUNYA

Kaka nimefika. Nimeipakua na bando la jero, nimeweka, nimechomeka maiki. Sauti inarekodi! Lakini nikiimba najisikia mwenyewe nyuma, kama niko pangoni, naimba leo naisikia kesho. Laptopu mbovu?

FUNDI FEDA

Siyo mbovu. Hilo linawakuta wote, na halina uhusiano na Reaper. Kompyuta inakusanya sauti kwenye ndoo kabla ya kukurudishia. Ndoo kubwa, unachelewa kusikia. Ndoo hiyo inaitwa bafa. Kwa 44.1 kHz, bafa ya 1024 ni milisekunde 23 za kuingia, ukiongeza za kutoka ndio hilo pango. Bafa ya 128 ni milisekunde 3, hutaisikia. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua ASIO, njia ya sauti isiyochelewesha, badala ya hiyo ya kawaida ya Windows. Kama kadi yako haina ASIO yake, pakua ASIO4ALL, ni ya bure. Kisha shusha bafa hadi 256, ukisikia inakwaruza panda 512. Wakati wa kurekodi iwe ndogo, wakati wa kuchanganya irudishe 1024 laptopu ipumue.

Na kabla hujaanza wimbo wowote, hifadhi projekti kwanza, weka alama kwenye kile kisanduku cha kuitengenezea folda lake. Sauti zote zitakaa humo. Usifanye kama mimi mwaka 2018.

MTOTO WA CHUNYA

Imekubali kaka! 256. Nimerekodi gita na sauti, ubeti mmoja, nimeambatanisha hapa chini. Mnisikilize mniambie ukweli.

BINTI KIHESA

Sauti unayo wewe. Gita limepwaya waya wa pili.

MZEE WA MAFIAT

Hii ingekuwa Cubase ningelia. Kijana hongera.

FUNDI FEDA

Nimesikiliza mara tatu. Sauti nzuri, usiiguse. Ila ukikaa kimya kati ya mistari nasikia tik, tik, tik nyuma yako. Ni kliki inavuja kutoka kwenye hedifoni inaingia kwenye maiki. Shusha sauti ya hedifoni, vuta maiki karibu kama kiganja kimoja, kisha rudia ubeti huohuo bila kufuta wa kwanza. Na kabla hujarudia, yule mbuzi wa dakika ya 1:12, mfukuze.